Maua ya Itoka Kwa Vyura

Mahali penyewe panaitwa Kwa Vyura, na kwa miaka miwili hapakuwa na chura hata mmoja. Ukitoka Eldoret mjini, ukaipita Langas, ukaiacha lami na kuteremka mpaka nyumba zianze kupungua na mahindi yaanze kuonekana, utakuta bonde dogo lenye kinamasi. Kichwani mwa kinamasi hicho kuna chemchemi. Asubuhi ukungu hulala pale kama mtu aliyekataa kuamshwa, na ukisimama ndani yake husikii hata hatua zako mwenyewe. Wenyeji wanasema zamani vyura walikuwa wakiimba hadi walimu wa shule ya jirani wakafunga madirisha. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilisikia ng'ombe, kinu cha kusaga unga kwa mbali, na mtu akipasua kuni. Nilikaa saa nzima nikingoja chura, kisha nikarudi mjini.

Naitwa Warigia. Ni afisa wa ustawi wa jamii, na kwa miaka kumi na sita kazi yangu imekuwa watoto waliotelekezwa, wazee waliosahauliwa na watoto wao, na wanaume wanaorudi nyumbani na ngumi. Shirika letu liliponiambia kwamba sasa nimepelekwa kwenye mradi wa kuokoa kinamasi, nilidhani wamekosea jina. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ooko, mtaalamu wetu wa maji, mwanamume wa viatu vizito na kofia isiyotoka kichwani.

"Sasa social worker atafanya nini huku?" aliniuliza siku ya kwanza. "Utakaa chini uulize matope yanajisikiaje?"

"Wewe umekaa nayo miezi sita," nikamwambia. "Yamekuambia nini?"

Jibu lilikuwa mbele yetu. Ooko alikuwa amekipima kinamasi chote kwa vyombo vyake, akapigilia vigingi vyekundu kukizunguka, hatua thelathini kutoka kwenye maji, kuonyesha kwamba hapo jembe lisipite. Ndani ya wiki mbili vigingi vyote vilikuwa vimechemshia watu chai. Nina hakika hata mimi nimekunywa kikombe kimoja au viwili vya chai hiyo.

Kinamasi kilikuwa kinaliwa kutoka pande mbili. Upande wa mawio alikaa Mama Njenga, mjane wa miaka sitini na minane, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Kabura ingawa hakuna anayelitumia. Alikuwa na duka dogo la unga na sabuni, na nyuma ya duka akapanda nduma katika tope la kinamasi. Upande wa machweo alikaa Mzee Stephen Kiplimo, mwalimu mstaafu, mrefu na mpole, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Yeye alikuwa na ng'ombe, mahindi, na nyasi za nepia zilizokuwa zikishuka kuelekea majini kila mwaka. Kulikuwa na mashamba mengine chini ya bonde, lakini haya mawili ndiyo yaliyoikumbatia chemchemi. Wale wa chini walikuwa wakiangalia hawa wawili wanafanya nini, nao wakafanya vivyo hivyo.

Hawakuchukiana. Hilo ndilo lililonisumbua. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, na kila msimu kila mmoja akaongeza mstari mmoja wa mimea kuelekea majini. Mwenzake alipouona mstari huo, naye akaongeza wake.

"Nikiacha, atachukua yeye," aliniambia Mama Njenga, akinimiminia chai ya maziwa.

"Nikiacha, atachukua yeye," aliniambia Mwalimu siku mbili baadaye, akinimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu.

Maneno ni yale yale, hata ile pumzi ya kabla ya maneno ilikuwa ile ile. Hapo nikaelewa kwa nini vyombo vya Ooko havikuona kitu. Chemchemi ilikuwa inakauka kwa sababu ya hofu, na hofu haina kipimo cha kuingiza kwenye tope.

Nilichukua miezi miwili. Ofisini waliponiuliza nimefika wapi niliandika kwamba mazungumzo yanaendelea, yaani nimekunywa chai nyingi. Nilivuka bonde kwenda na kurudi, viatu mkononi, na mara nyingine katikati ya ukungu nilisimama nikasahau natoka kwa nani na naenda kwa nani. Sijui kama nilikuwa nafanya kazi au nilikuwa naota. Lakini mwishoni mwa Februari, katika baraza la chifu, wote wawili waliinua mikono. Mwalimu angerudisha nepia nyuma hatua thelathini. Mama Njenga angeng'oa nduma na kurudi hatua thelathini. Ooko alivua kofia, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

Ikabaki alama. Vigingi vya mbao vilikuwa vimeshakuwa majivu, na vya saruji ofisi ilisema vitakuja bila kusema lini. Mvua ilikuwa inakaribia, na kila mtu alijua kwamba ikinyesha kabla ya alama kuwekwa, kila jembe lingerudi lilipozoea.

Siku moja adhuhuri nilijilaza kwenye nyasi kando ya chemchemi, nikasinzia. Nilimwona babu yangu Gerishon katika shamba letu la zamani kule Burnt Forest, amevaa lile koti lake refu la mvua, ameinama anapanda itoka. Hilo ni ua la kwetu Wakikuyu, lenye kitunguu chini na majani marefu, na mvua ikija linatoa maua meupe yenye mistari ya waridi. Hatulipandi kwa urembo. Linapandwa kwenye mpaka wa shamba, na likishapandwa hakuna anayelisogeza, wala kwa hasira wala kwa njaa. Babu alisema mkono unaong'oa itoka haushiki tena kitu kikakaa. Kando yake katika ndoto kulikuwa na mtu mwingine ambaye sikumtazama sana. Babu akageuka akaniambia jambo, lakini maji yalikuwa yakizungumza wakati huo huo, nikasikia maji.

Niliamka nikiwa na furaha ya kitoto. Nilijua Mama Njenga ana matoka, maua hayo hayo, nyuma ya nyumba, yaliyoletwa na marehemu mumewe, Wahome. Nilikimbia nikapanda mteremko hadi dukani kwake nikiwa bado na nyasi kwenye nywele.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imetulia juu ya mizani.

"Na Mwalimu umemwambia?" akauliza.

"Mwalimu ameshakubali mpaka, Mama. Haya ni maua tu."

"Maua tu," alirudia polepole. Kisha akatabasamu, na uso wake ukarudi nyuma miaka mingi. "Unajua, tangu nirudi hapa hakuna mtu ameniomba kitu cha kwetu. Wananiomba sabuni."

Tulipanda siku mbili. Yeye alichimba na kuvigawa vitunguu, mimi nikabeba, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Tulizunguka upande wake, tukapita juu ya chemchemi, tukashuka upande wa Mwalimu, hatua thelathini kutoka majini kote kote. Mwalimu na mkewe, Chebet, walikuwa wamekwenda kwenye harusi Moi's Bridge. Nilifurahi kwamba wangerudi wakute kazi imekwisha. Ndiyo, nilifurahi, na sijui ni wapi nilikuwa nimeiweka akili yangu.

Mvua ikaja, na baada ya wiki tatu matoka yakachanua. Ukungu ulipoondoka asubuhi, ule mstari mweupe ulionekana umelala kuzunguka kinamasi, na mtu angeweza kudhani hakuna aliyeupanda, kwamba ulikuwepo tangu mwanzo. Nilipiga picha, nikazituma ofisini. Mkuu wetu alizituma kwa wengine, wakanipongeza watu nisiowajua. Nilitembea wiki nzima nikiwa juu juu, nikaanza hata kumfundisha Ooko kazi yake.

Kisha nikaenda kwa Mwalimu, na Chebet akanijia getini.

"Mwalimu amelala," akasema.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilirudi kesho yake, akawa bado amelala. Siku ya tatu nilimwona kwa macho yangu akipita kati ya mahindi na jembe begani, na Chebet akanitazama usoni akaniambia amelala. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamefungwa ndani ya zile hatua thelathini, karibu kabisa na maji. Nepia mpya ilikuwa imechomekwa mstari mmoja, mbele ya maua.

Ooko ndiye aliyenieleza. Alikuja na kofia mkononi, na hilo peke yake lilinitisha.

"Watu wa huko chini wanasema Mama Njenga ameweka bikoni za mpaka," alisema. "Ameziweka mpaka kwa shamba ya Mwalimu. Wanasema hivyo ndivyo huanza. Na mwaka ujao ni wa kura, Warigia. Unajua hii story huwa inaenda wapi."

Nilijua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu wakati ule mwingine, Januari ile baada ya kura, Wakikuyu walipofukuzwa huku, na najua harufu ya mahindi yanayoungua ghalani. Niliteremka bondeni mbio.

Duka la Mama Njenga lilikuwa limefunguliwa nusu. Ndani, kando ya mlango, palikuwa na magunia mawili ya katani yenye mstari wa buluu, yamejazwa na kufungwa midomo kwa kamba. Mpini wa sufuria ulikuwa umetoboa mojawapo ya yale magunia. Juu ya la pili palikuwa na Biblia ya Wahome, imefungwa kwa leso.

"Keti, mwanangu," alisema, kama kawaida yake. Akanimiminia chai.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa Njenga, Ruiru. Ana chumba." Akanisogezea kikombe. "Si kwa ubaya. Hakuna mtu amenitukana. Lakini miguu yangu haiwezi kukimbia tena, kwa hivyo afadhali niondoke nikitembea. Jumamosi atakuja na gari."

"Ni kosa langu."

"Nilikuuliza kama umemwambia Mwalimu," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningependa angekuwa nayo. "Lakini pia mimi nilitaka kuyapanda. Nilitaka sana. Kwa hivyo usijibebeshe yote."

Ilikuwa Alhamisi. Nilishuka nikaketi kwenye chemchemi, nikalia bila kujificha, maana hapakuwa na wa kujificha. Mwanamke ambaye alikuwa amerudi mahali alipofukuzwa, akafungua duka, akalala usingizi miaka kumi na minane, alikuwa anafunga vyombo kwa sababu yangu mimi, mtaalamu wa kusikiliza watu. Akiondoka, nani angebaki upande wa mawio? Shamba lingeuzwa kwa mtu wa kulima hadi kwenye maji, na upande wa pili ungejibu. Sikuwa na haja ya Ooko kunipimia hilo.

Maji yalikuwa yanatoka kidogo sana, yakizungumza peke yao. Nikafumba macho, na ile ndoto ikarudi yenyewe. Safari hii nilimtazama yule mtu wa pili. Alikuwa Wachira, jirani wa babu yangu, mwenye shamba la upande wa pili. Na haikuwa ndoto, ilikuwa kumbukumbu; nilikuwa na miaka saba, nimeshika kopo la maji. Babu aliweka kitunguu shimoni, Wachira akafukia. Shimo lililofuata, Wachira akaweka, babu akafukia. Walikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba, wazee wengine wakitazama, na mimi nikaboeka nikacheza na kopo. Itoka linapandwa na mikono ya pande zote mbili. Likipandwa na upande mmoja si mpaka, ni madai. Nililijua hilo nikiwa sijaota meno yote, kisha nikasoma chuo kikuu nikalisahau.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Chebet akaniambia amelala.

"Basi nitangoja aamke," nikasema, nikaketi juu ya jiwe nje ya geti.

Manyunyu yalikuwa yanashuka, yale ya Eldoret yasiyo na haraka. Nililowa mabega, nikalowa magoti. Baada ya muda mrefu Mwalimu alitoka mwenyewe amevaa gambuti, akasimama upande wake wa geti.

"Ni mimi niliyesema matoka yapandwe, Mwalimu. Mama Njenga aliniuliza kama umeambiwa, nikamwambia ni maua tu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Alinitazama, kisha akatazama bonde.

"Nilifundisha Burnt Forest miaka kumi na moja," alisema. "Nilikaa kwa nyumba ya Mkikuyu, nikala githeri yake. Unafikiri mimi sijui itoka ni nini? Nilitoka harusi nikapata nimepandiwa mpaka kwa shamba yangu. Nilikaa chini kwa nyasi pale pale, kwa suti."

"Nisamehe."

"Nilijua si Mama Njenga. Yeye hawezi kufanya ujinga kama huo peke yake."

"Sasa kwa nini hukumwambia? Angalau angejua hujamkasirikia."

"Ningeenda vipi?" aliuliza, na sauti yake ikapanda kidogo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mimi niingie kwa boma ya mjane, mwaka kama huu, niseme habari ya mpaka? Watu wangesema Mwalimu ameenda kumfukuza. Nilikuwa nangoja mwenye makosa aje kwa miguu yake. Umechukua muda. Na ile nepia niliweka kwa hasira, siwezi kukuficha."

"Anaondoka kesho," nikasema. "Ameshafunga magunia."

Mwalimu alishika geti kwa mikono yote miwili, na nikaona kwamba hakuwa amejua. Alisimama hivyo mpaka Chebet akaja mlangoni kutazama. Kisha akafungua geti na kuniashiria nimfuate.

Nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha majani makavu ya mahindi, kulikuwa na pakiti za maziwa zilizojazwa udongo, safu baada ya safu, na katika kila pakiti mche wenye majani ya kung'aa.

"Hii ni lamaiywet," alisema. "Inapenda maji na maji inaipenda. Hapo kwa kinamasi ilikuwa imejaa tukiwa watoto. Tulikuwa tunakula matunda yake mpaka ulimi inakuwa zambarau, na mama anajua hatukuwa shule. Ilikatwa yote. Hizi nimezilea tangu mwaka jana."

Ilikuwa miche mizuri sana.

"Warigia, umekuja kwangu mara ngapi? Umekunywa mursik yangu. Umeniambia nepia itoke, ng'ombe watoke, mimi nirudi nyuma. Nikakubali. Lakini siku moja hata moja uliniuliza mimi nitaleta nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimkubalisha kupoteza, nikahesabu hiyo kuwa kazi nzuri.

"Kesho asubuhi ung'oe yale maua," alisema. "Yote, wewe mwenyewe. Mimi nikiyagusa itakuwa ni vita. Yeye akiyagusa itamkaa rohoni. Wewe ndiye ulianza."

Sikulala vizuri. Sitajifanya mtu wa kisasa. Niliuogopa ule mkono aliousema babu, ule usioshika tena kitu. Jumamosi nilifika Kwa Vyura mapema na jembe la kuazima. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuliona duka wala nyumba ya Mwalimu, ila mashina ya matoka mbele ya miguu yangu, moja baada ya jingine, yakijitokeza nilipoyakaribia. Nilipiga magoti kwenye la kwanza. Nilimwambia babu kimoyomoyo kwamba hili halikupandwa, lilichomekwa tu. Kisha nikachimba.

Nilikuwa nimetoa kama arobaini hivi, mikono imeganda tope, niliposikia hatua.

"Warigia." Ilikuwa sauti ya Mama Njenga. Alikuwa amevaa tayari kwa safari, koti la Jumapili na kitambaa cheupe kichwani. "Unajua unafanya nini?"

"Najua, Mama. Tuliyapanda vibaya."

Alifunika mdomo kwa mkono. Sikuacha kuchimba, maana ningeacha nisingeweza kuanza tena. Alisimama juu yangu, nami nikasikia pumzi yake. Halafu kutoka upande wa pili wa ukungu ikaja sauti ya gurudumu linalohitaji mafuta.

Mwalimu alitokea akisukuma toroli lililojaa miche. Nyuma yake Chebet alikuwa na birika na vikombe, na nyuma kabisa Ooko, ambaye sikumwita, akiwa na tepu yake ya kupimia. Mwalimu aliweka toroli chini. Ule ukungu ukapita kati yetu polepole kuelekea majini.

"Mama Njenga," akasema Mwalimu.

"Mwalimu."

"Huyu msichana alitupandia mpaka bila sisi."

"Hapana," alisema Mama Njenga. "Mimi ndiye nilipanda. Mikono ilikuwa yangu. Nilifurahi nikasahau wewe hauko."

Mwalimu aliinama, akachukua mche mmoja, akaichana pakiti yake kwa kidole gumba. "Basi leo niko," alisema. "Na nimekuja na yangu."

Walianzia juu ya chemchemi. Mwalimu alichimba shimo, akaweka mche wa lamaiywet, Mama Njenga akafukia. Kisha Mama Njenga akaweka itoka kando ya ule mche, Mwalimu akafukia, akikandamiza udongo kwa viganja vyake vikubwa vya mwalimu wa zamani. Shimo la pili, la tatu. Koti la Jumapili likaingia tope hadi kwenye viwiko. Ooko alinyoosha tepu yake akasema kwamba wametoka nje ya hatua thelathini, ni thelathini na mbili. Mwalimu akamwambia hizo mbili ni zawadi yake kwa vyura, na akitaka kusaidia ashike jembe. Ooko akashika jembe.

Mimi niliendelea kung'oa na kulundika. Lundo lilikuwa kubwa, vitunguu vizito vyenye udongo, na upande wa mbali wa kinamasi ulikuwa bado wote. Jua lilikuwa linauvuta ukungu kutoka juu, na nyumba zikaanza kurudi mahali pake. Gari la Njenga lilikuwa limesimama mbele ya duka, mlango wazi, naye amekaa kwenye ngazi akitutazama bila kuelewa.

"Hii mzigo tutabeba na nini?" aliuliza Mwalimu, akitazama lundo langu. "Toroli imejaa miti."

Mama Njenga alijinyoosha, mkono mmoja kiunoni. Alilitazama lundo, akaitazama nyumba yake pale juu. Kisha akaanza kupanda mteremko, taratibu, akishika magoti. Tulimwona akimpita mwanawe bila kusema neno na kuingia ndani.

Halafu tukasikia sufuria zikimwagwa kwenye sakafu ya saruji, kishindo kimoja kirefu, vifuniko vikizunguka na kuzunguka kabla ya kutulia. Kikaja kishindo cha pili. Chebet aliyekuwa akimimina chai alisimama na birika hewani.

Mama Njenga alitoka na magunia mawili matupu chini ya kwapa. Aliposhuka hadi tulipo aliyakung'uta, na ule mstari wa buluu ukaonekana. Mwalimu aliutazama kwa muda.

"Haya magunia nayajua," alisema.

"Ni wewe uliyabeba," alisema Mama Njenga. "Ile Januari nilipofukuzwa. Mpaka kanisani."

"Yalikuwa mazito sana. Mgongo uliniuma mpaka Pasaka." Aligeuza uso kidogo upande wa majini, akapangusa macho kwa mkono wa shati, bila kuficha. "Mama Njenga, mimi sitaki kuyabeba tena vile."

"Hata mimi sitaki uyabebe vile."

Mwalimu alichukua gunia moja, akalifungua mdomo kwa mikono yote miwili na kulishikilia. Mama Njenga akapiga magoti tena kwenye tope, akaanza kutia matoka ndani.